Achari Isiyoiva

Juzi nilipita Mtoni, ndugu yangu, kumtazama mgonjwa. Nyumba yetu haipo, pamejengwa ghorofa. Nikasimama barabarani kama mpumbavu, na wallahi pua yangu ikanusa siki na pilipili. Siki ya wapi? Uzee huo.

Enzi zile za Mwingereza pale palikuwa na minazi na vibanda vya udongo, na mie nilikaa na bibi, mama yake mama. Mama alikuwa ameolewa tena, kapanda gari moshi kwenda Tabora kwa mume mpya. Aliahidi kuja kunichukua. Kila siku nilimuuliza bibi, "Mama anakuja lini?" mpaka siku moja, mikono yake imejaa chumvi, akanijibu, "Achari ikiiva, atakuja."

Basi! Kazi nikaishika mie. Nilikata matango, nikayatia chumvi, nikayaanika kwenye ungo na kutwa nzima nikafukuza kuku. Yaliponyauka, bibi akayapanga kwenye chupa kubwa ya peremende aliyotupatia jirani Mwarabu mwenye duka, pamoja na pilipili, vitunguu saumu, bizari na siki. Akaifunga kitambaa, akaipandisha juu ya paa la jiko ipigwe jua. "Asiiguse mtu mwenye mkono wa maji," akasema.

Lo, ningevumilia wapi! Kila nikitoka kisimani nilikanyaga kinu kuifikia chupa, nikafungua, nikachovya kidole, nikalamba. Bado. Kesho tena. Siku ya saba nikakuta ukungu mweupe umetanda juu.

Nililia mpaka kwikwi, na si kwa kuogopa kiboko. Nilijua nimemzuia mama njiani. Bibi hakunipiga. Aliimwaga, akaisuuza chupa, akaianika. "Haraka haraka haina baraka, mjukuu wangu," akasema. "Tutatia nyingine."

Hiyo ya pili sikuisogelea kabisa. Ikawa ya manjano, kali, ukiinusa tu mate yanakujaa. Bibi akaipakua na wali wa mchana. Mie nikatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Bibi, si imeiva?"

Akaonja. Akatafuna polepole, macho chini.

"Bado, mjukuu wangu. Hii haijaiva."

Tukaila hivyo hivyo, chupa nzima, mpaka ikaisha. Msimu wa matango uliporudi tukaanika tena, na ile pia haikuiva. Siku moja nikaacha kuuliza, naye bibi akaacha kunitazama ninapokula.

Mama sikumwona tena. Bibi naye alishatangulia, na kile kinu sijui kiliishia wapi. Nakaa peke yangu sasa, na achari natengeneza bado, nyingi kuliko ninavyoweza kula. Siku wajukuu wakija huikimbilia chupa. "Bibi, imeiva?" Hata kama nimeitia jana, hata kama matango bado magumu na siki inakwaruza koo, nawajibu palepale:

"Imeiva, wanangu. Kuleni."