Maneno ya Baba Kwenye Flashi

Mimi si mtu wa kungoja. Ugali nautoa jikoni kabla haujaiva, na mama alikuwa akinicheka: "Mvumilivu hula mbivu, wewe utakula unga." Wiki ya mazishi yake nilizunguka nyumba yetu ya Kisumu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Baba ni karani mstaafu. Macho yake yameharibika, lakini vidole vilivyopiga taipu maisha yote bado vinajua herufi zilipo. Alikaa mbele ya laptopu yangu akaandika hotuba ya kumuaga mama, tukaihifadhi kwenye flashi bila mimi kuiangalia, akaitia mfukoni. Nikamwomba niichapishe kwa herufi kubwa.

"Hapana, nyathina, mwanangu. Hiyo maneno ni ya mama yenu. Hakuna mtu atasoma kabla yangu."

Basi nikamtengenezea ukurasa wa kufungulia kwenye kivinjari: unabonyeza kitufe, unachagua faili, maneno yanatokea mstari mmoja mmoja, makubwa kama ya bango la duka. Ilibidi nimwapie kwamba faili haiendi mtandaoni, inasomwa mle mle kwenye mashine. Nilipoujaribu kwa faili yangu, ukurasa ukabaki mweupe. Nikazima, nikawasha, nikatukana. Kumbe skripti yangu, yale maagizo niliyouandikia ukurasa, ilitaka kuonyesha maneno kabla kivinjari hakijamaliza kuyasoma. Hata kompyuta inanifundisha kungoja! Nilikasirika hasa, lakini nikairekebisha. Nikataka basi faili ijifungue yenyewe, baba asihangaike, lakini kivinjari kikakataa. Lazima mwenyewe aichague kwa mkono wake.

Siku ya mazishi, nyumbani kwetu kijijini Asembo, baba aliitwa mwisho. Akachomeka flashi kwenye laptopu, akachagua faili yake, ya pekee iliyokuwamo. Mimi nilikuwa nimesimama kumkinga jua lisipige skrini, kwa hiyo niliona. Koma na herufi zimerundikana, si Kiswahili, si Dholuo. Nikaelewa papo hapo: siku ile mkono wake wa kulia ulianzia kitufe kimoja pembeni, na macho hayakuweza kumwambia.

Baba alisogeza uso karibu na skrini, akabonyeza mstari wa pili, wa tatu. Watu chini ya hema walianza kukohoa.

"Baba, nipe dakika kidogo," nikamnong'oneza. "Herufi za mkono wa kulia zimehamia kitufe cha jirani tu. Nitazirudisha."

"Ukirudisha, utasoma."

"Mashine ndiyo itasoma, si mimi."

Akatikisa kichwa. Akafunga laptopu, akaweka maikrofoni juu yake, akapapasa njia hadi kwenye jeneza. Hapo akainama, akaanza kuongea na mama kwa sauti ya chini, taratibu, kama watu wawili walio peke yao. Hatukusikia neno.

Mwenye spika alichukua maikrofoni amkimbizie baba. Nikamshika mkono.

"Ngoja," nikamwambia.