Mdomo Unaotambua Maua

Mwandika majina ya mimea mikavu ya makumbusho hakuwa mtu wa miwani. Kile kiua cha manjano cha porini, kinachoota na kufa msimu mmoja, alikitambua kwa kupitisha shina mdomoni: likikwaruza kwa vinyweleo, ndicho; likiteleza, hicho ni binamu yake.

"Macho hudanganywa, shoga," alizoea kumwambia mfagiaji wa ofisi yake. "Mdomo ndio hudanganya, lakini wa mume wangu, si huu."

Kiharusi kikampiga, mdomo ukafa ganzi. Siku aliyorudi kazini, mfagiaji alimkuta akipitisha shina moja mara ya tano, machozi yakimtoka.

"Nijaribie wewe."

Mfagiaji akaweka ufagio chini, akajaribu. "Linakwaruza, dada. Kama ulimi wa paka."

Mwandika majina akaandika jina, kisha akamsogezea mfagiaji kisanduku chote cha mashina.