Milimita Tatu Kichwani mwa Mchuna

Kwa miaka kumi na tisa alichuna ngozi machinjioni, na hakuna mwanamume pale aliyemzidi wepesi wa mkono. Wenzake walimwita Mchuna, akalizoea jina hilo. Siku ng'ombe alipompiga teke la kichwa, walimkimbiza hospitali akapigwa picha. Fuvu lilikuwa zima, lakini mshipa mmoja wa damu kwenye ubongo ulikuwa umetuna pembeni, kivimbe cha milimita tatu.

"Teke halihusiki. Huenda unacho miaka mingi," daktari alimwambia. "Vidogo namna hii vingi havipasuki. Kwako, upasuaji una hatari kuliko kukiacha. Tutakupiga picha kila mwaka tuone kama kinakua. Acha sigara, meza dawa za presha. Ila kichwa kikikuuma ghafla, maumivu ambayo hujawahi kuyaona, usingoje hata dakika."

Sigara aliacha siku hiyo hiyo. Mengine alijiongezea mwenyewe: hakukimbia, hakupaza sauti, hakuinua kizito. Mdogo wake, mshika kamba wa kufunga ng'ombe palepale machinjioni, aliyeitwa Domo kwa kupenda maneno, alimtania, "Dada, ukitaka kupiga chafya tuambie, tutoke nje."

Mwaka wa tatu, asubuhi moja, Domo alikuwa akisimulia kisa huku akifunga dume jeusi. Fundo likafyatuka. Dume lilimbana ukutani, likamchoma pembe ya paja, likamrusha, likamrudia. Damu iliruka hadi kwenye ndoano. Wanaume walipanda uzio.

Mchuna alikimbia. Alitia vidole puani mwa dume, akalipinda shingo, akazamisha kisu kooni hadi mpini. Lilimburuta sakafu nzima, likambamiza kwenye mlango wa chuma. Hakuachia. Alichoma tena na tena, akiporomosha matusi yaliyowashangaza hata wachinjaji, mpaka dume likaishiwa nguvu, likamwangukia miguuni.

Walipomvuta, kichwa kilikuwa kinagonga. Alikaa kwenye damu, akisubiri kile kivimbe kipasuke.

Waliwapakia garini pamoja, yeye na mdogo wake, hadi hospitali. Jioni daktari aliitazama picha mpya.

"Milimita tatu. Hakijakua."

"Kwa hiyo nilijinyima bure?"

"Sigara na dawa, hapana. Kukimbia sikukukataza. Kupigana na dume, hilo sikushauri."

Mchuna alikwenda moja kwa moja wodini. Domo alikuwa macho, mguu umefungwa hadi kiunoni.

"Dada, kichwa je?"

"Fundo gani lile ulifunga? Mdomo wako utakuzika!" Alimzaba kofi, akaendelea kumfokea mpaka nesi akamshika mkono na kumtoa. Nje alilia, damu imemkaukia kwenye kucha.

Mguu wa Domo haukunyooka tena. Sasa anakaa mlangoni mwa machinjio, anapima nyama. Picha ya karibuni ya kichwa cha Mchuna ilisoma milimita tatu na kitu. Daktari alisema tofauti hiyo ni ndogo mno, huenda ni upimaji tu, ila arudi baada ya miezi sita. Mchuna bado anachuna.