Niliharibu Bia ya Mzee, Nikamsingizia Mama Mkwe

Makosa ni yangu. Naanzia hapo kwa sababu wiki kadhaa sikuweza kulitamka hilo neno, na mtu mwingine alinibebea akiwa na jicho moja limefungwa bandeji.

Usinihukumu haraka. Ama nihukumu tu, ni sawa.

Mimi ni mtu wa upande wa ziwa, nimeoa hapa Eldoret na tunaishi Munyaka. Nafanya kazi kwa maabara ya shule ya sekondari, kwa hivyo vitu vya kupimapima navipenda kupita kiasi. Mwaka jana nikaanza kutengeneza bia yangu mwenyewe nyumbani. Si ya kuuza! Ni ya kunywa na marafiki wawili watatu.

Siri ya bia ni joto. Hamira ikiwa kazini haitaki baridi wala joto jingi. Nikatafuta friji kuukuu huko Huruma, nikaweka ndoo ndani, nikaunganisha na kidude fulani cha kompyuta. Bia ikipata joto, kidude kinawasha friji. Ikipata baridi, kinawasha hita ndogo iliyofungwa kwa ndoo kama mshipi. Na kwa simu unaona mchoro wa joto ukipanda na kushuka.

Huo mchoro nilionyesha watu kuliko picha za mtoto wangu Hawi!

Sasa, baba mkwe wangu, mkulima wa mahindi na maziwa kule Moiben, alikuwa anafikisha miaka sabini. Kwa kiherehere changu nikamwahidi lita ishirini. Mzee ujana wake alikuwa mpishi hodari wa busaa, ile pombe ya kienyeji ya mahindi. Akaniangalia.

"Na hiyo yako, ni nani anaichunga?"

"Ni mashine, Mzee."

"Mashine inaonja?"

"Haionji, Mzee. Inapima."

"Haya. Nitaambia wenzangu."

Akawaambia wote! Rika lake lote, mpaka wale waliokuwa wameacha pombe.

Bia ikiwa katikati ya kuchachuka, mama mkwe akaja kwetu. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho hospitalini, na daktari alitaka kumwona tena baada ya siku chache. Kwa mila zetu na zao, mama mkwe kulala kwa mkwe si jambo dogo. Lakini jicho ni jicho. Tukampa chumba cha nyuma, kile chenye friji. Mama ni mtu wa kanisa, pombe hataki hata kusikia ikitajwa. Akaitazama friji kwa lile jicho moja.

Jumamosi alasiri mke wangu akampeleka kwa maombi ya akina mama. Nikabaki peke yangu. Simu ikalia: update, yaani programu mpya ya kidude, iko tayari. Chini yake kulikuwa na maelezo marefu. Nilisoma mstari wa kwanza tu, nao ulisema usiguse hii kitu kama kuna pombe inachachuka.

Nikasema, ah, hawa wanapenda kutisha watu. Nikabonyeza Nakubali.

Kidude kikazima, kikawaka, halafu kikaniuliza: waya ya friji ni ipi, na ya hita ni ipi? Settings zote zilikuwa zimefutika! Na mimi sikuwa nimeandika mahali popote. Nikakisia. Rafiki yangu, nilikisia! Mtu wa maabara! Kisha nikaenda kwa jirani kutazama mpira.

Kumbe niliziweka kinyume. Bia ikipata joto, kidude kinawasha hita. Joto likizidi, hita inazidi kuchapa kazi.

Jumapili tukitoka kanisani, harufu ilitupokea mlangoni. Kifuniko kilikuwa kimeruka, mlango wa friji uko wazi, na povu limefika kwa slipa za Mama. Nikaonja kijiko kimoja. Uwi! Ni kama maji ya kulowekea sufuria ya ugali, yametiwa siki.

"Baba Hawi, kumeendaje?" mke wangu akauliza.

Nilijua. Dakika hiyo hiyo nilijua. Lakini mdomo ukatangulia. "Labda Mama alichomoa plagi akichaji simu."

Mama akashika kiti. "Kama ni mimi," akasema polepole, "nisamehe, mwanangu."

Na mimi nikamjibu, "Hakuna shida, Mama." Nikamsamehe! Yaani mimi ndiye nilitoa msamaha!

Kesho yake, kutoka kwa daktari, akarudi Moiben bila hata kungoja chai. Siku ya Mzee ilipofika, wazee walikunywa soda. Habari ilikuwa imetutangulia. "Mama, ile simu yako ilijaa chaji?" mmoja akamwuliza, na wote wakacheka. Mama akaendelea kugawa chapati. Mimi nilikula nyama nikitazama sahani.

Tuliporudi nyumbani, mke wangu alikuwa na simu yake mkononi. Ile app ya kidude nilimwekea mwenyewe, nikijigamba.

"Baba Hawi, hapa wameandika update, Jumamosi saa tisa na dakika kumi. Saa tisa Mama alikuwa wapi?"

"Kwa maombi."

"Na wewe?"

Nilitazama dari.

"Mimi simwambii," akasema. "Utaenda wewe. Na utasema mbele ya wale wazee waliomcheka."

Jumamosi iliyofuata nilisimama kwa uwanja wa Mzee, wazee wamenizunguka, nikatapika ukweli wote. Mzee alinisikiza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mashine ilikuuliza swali, ukakisia?"

"Ndiyo, Mzee."

"Sisi tulikuwa tunaweka mkono kwa nyungu."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha fimbo. Tangu siku hiyo Moiben sina jina. Naitwa Apdeti. Hata watoto wa njiani: "Apdeti amekuja!"

Halafu Mama akaniita jikoni. Bandeji ilikuwa imetoka. Nikaanza kuomba msamaha upya, akaninyamazisha kwa mkono.

"Plagi sikuigusa. Nilijua sikuigusa."

"Sasa Mama, mbona ulisema nikusamehe?"

Akachungulia mlangoni kwanza. "Kila asubuhi niliwekelea hiyo friji mikono, nikamwambia Mungu aiharibu. Uliponitaja, nikadhani amekuonyesha hayo maombi."

Alicheka mpaka akashika meza. Na mimi nikacheka, hadi akaacha, akanitazama usoni.

"Lakini uliniacha nichekwe, na ulikuwa umekaa pale. Hiyo iliniuma."

Mpaka leo inaniuma hata mimi.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii, na kidole kiko juu ya Nakubali, toa kidole! Soma yote. Andika waya zako kwa karatasi. Ngoja bia iive. Na ukishaharibu, kwa sababu utaharibu, sema ni wewe kabla mdomo haujapata mtu mwingine.

Na kama kuna mama mkwe ndani ya nyumba, muulize kwanza anaombea nini.