Mikono ya Mama Povu

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, naye aliitika, kwa sababu jina baya linalokulisha ni bora kuliko jina zuri la bure. Alikuwa dobi. Mbele ya chumba chake palikuwa na karo la saruji, na kutoka pembe moja ya ua hadi nyingine zilikatiza kamba za kuanikia nguo za watu. Shule hakwenda hata siku moja. Alianza kufua akiwa msichana, na sabuni ikamla mikono polepole, hadi viganja vikawa kama ukuta uliobanduka rangi.

Mumewe, dereva wa lori, alimwacha kwa sababu moja aliyomtangazia kila mwenye masikio: mkoromo.

"Yule akilala, bati linatikisika," aliwaambia wazee siku ya talaka. "Mimi naendesha lori. Nisipopata usingizi nitakuja kuua watu."

Wazee wakamwonea huruma. Hakuna aliyeuliza mbona miaka yote ile alilala kama gogo, akaja kuukosa usingizi pale alipoanza kupeleka mizigo ya vitabu kwenye maktaba ya mtaa wa pili. Humo alifanya kazi mwalimu mmoja wa kompyuta, mwenye vidole laini na sauti ya chini. Haukupita muda, dereva akamwoa.

Mama Povu alibaki na binti yake, ambaye kwa kupenda kupiga mluzi alipewa jina la Kipenga. Ameniachia mtoto, alijiambia, basi hajaondoka na kila kitu. Hilo ndilo lililomlaza usingizi. Ndipo Kipenga naye akaanza kwenda maktaba.

Mwalimu alikuwa amefungua darasa la watoto baada ya saa za shule. Aliwafundisha kuiandikia kompyuta maagizo, lakini si ya hesabu wala ya barua. Ya upuuzi. Siku moja Mama Povu alipita na furushi la mashuka ya mteja kichwani, akachungulia dirishani. Aliona kiti kilichofungwa nyaya za kompyuta, kinachojamba mtu akikikalia, na ndoo inayokohoa ukiipiga teke. Mwalimu mwenyewe alikikalia kile kiti, kikajamba, akainuka na kukiomba radhi. Watoto walianguka chini kwa kicheko. Kipenga alicheka hadi akaishiwa nguvu, akaegemeza kichwa begani kwa mwalimu.

Kichwa kile alikiosha yeye na kukisuka yeye, na kilipokuwa na homa alikipakata yeye mpaka asubuhi. Sasa kiliegemea bega lile kama benchi la kituo cha basi. Mama Povu alisimama pale dirishani hadi furushi likamlemea shingo.

"Mama, ndizi inaweza kuwa kitufe," Kipenga alimwambia jioni ile, amekaa kwenye ukingo wa karo.

"Ndizi inaliwa."

"Sikiliza kwanza. Kuna kibao kidogo kina nyaya na vibanio, kama hivi vyako vya nguo ila vya chuma. Waya mmoja unaushika, mwingine unaubana kwenye ndizi. Ukiigusa ndizi, umeme kidogo unapita mwilini mwako, hauumi. Kompyuta inajua umegusa, inatoa sauti uliyoiambia itoe."

"Inatii kuliko wewe."

"Hata watu wakishikana mikono unapita kwao wote. Mama mdogo anasema..."

"Mama nani?"

Kipenga akazitazama kamba za nguo.

"Mimi kwetu ni kitinda mimba," alisema Mama Povu, akikamua shuka kana kwamba ni shingo ya mtu. "Sina mdogo. Huyo wa kwako kazaliwa lini?"

Mtoto aliokota kibanio, akakifungua na kukifumba. Kisha akatoa lile neno alilokuwa amelileta. "Baba anasema muhula ujao nihamie kwake. Kuna kompyuta nyumbani."

"Na huku kuna nini?"

"Huku upo wewe."

"Basi?"

"Basi," alisema Kipenga, naye hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma. "Njoo kwenye maonyesho ya darasa letu kwanza, mama. Ukishaona, utasema niende au nisiende."

Mama Povu alikubali kwenda, huku jibu tayari analo mdomoni. Angesema hapana, tena mbele ya wote wawili, wamsikie. Mume alichukuliwa, yeye akanyamaza. Mtoto hachukuliwi.

Siku ya maonyesho hakufua nguo ya mtu. Alipiga pasi gauni lake mwenyewe, jambo ambalo hata majirani walisimama kulitazama. Kisha akachukua kopo la mafuta mazito ya kujipaka, akajipaka mikono, akarudia, akarudia tena, mpaka nyufa zote zikajaa na viganja vikang'aa. Mwalimu Vidole Laini asije akaona sabuni ilivyomfanya.

Ukumbi wa maktaba ulikuwa umejaa wazazi. Kiti kilijamba, ndoo ikakohoa, mlango ukalalamika kila ulipofunguliwa. Zamu ya Kipenga ilipofika, alisimama nyuma ya meza yenye kompyuta, spika na ndizi moja.

"Yangu haifanyi kazi kwa mtu mmoja," alisema. "Inataka watu wangu wote. Baba, shika huu waya. Mama mdogo, mshike baba. Mama, mshike mama mdogo. Mkono wako mwingine nipe mimi, nami nitagusa ndizi."

Lila na fila havitangamani, lakini mtoto akikuita mbele ya watu utakwenda wapi? Mama Povu alisogea.

"Karibu, dada," alisema mwalimu, akinyoosha mkono.

"Asante, bibi mwalimu."

Wakashikana. Kipenga akagusa ndizi. Kimya.

Akagusa tena. Kimya. Akazikagua nyaya, akaizima spika isije ikatoboa siri, akawajaribu wengine bila mama yake. Taa ndogo ya kijani kwenye kibao ikawaka. Akamrudisha mama. Taa ikazimika.

"Mama Povu kakata umeme," mtu alisema nyuma, na watu wakacheka.

Dereva alitazama dari. Mama Povu aliutazama ule waya. Kumbe hata waya una ubaguzi. Mume alimchagua yule, mtoto anamfuata, na sasa kidude kisicho na macho wala moyo kimemwona yeye ndiye asiye wa familia. Aligeuka kutazama mlango uko wapi.

"Dada," mwalimu alimwambia chini kwa chini, ili wengine wasisikie, "ni mafuta. Umeme haupiti kwenye mafuta. Futa tu."

Akampa kitambaa chenye maji. Wema ule ulimuudhi kuliko kile kicheko. Angekuwa mtu mbaya, ingekuwa nafuu.

"Mama," alisema Kipenga, "nipe mikono yako ya kila siku."

Jikaze kisabuni, Mama Povu alijiambia. Akafuta kiganja kimoja, akafuta cha pili, na nyufa zote zikatoka nje zionwe na atakaye. Akaushika ule mkono laini kwa nguvu ili ukwaruzike. Kipenga akawasha spika, akagusa ndizi.

Ukumbi ukakoroma.

Mkoromo ulianza taratibu, kama mtu anaburuta sanduku kwenye sakafu, ukapanda, ukapiga filimbi kileleni, ukashuka. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mama Povu hakuhitaji kuambiwa ni wa nani. Dereva naye hakuhitaji. Alitoa mkono kwenye waya, mkoromo ukakatika.

"Rudisha mkono, dereva," watu walipiga kelele. Akarudisha, jasho likimtoka, na bati likaanza tena kutikisika.

"Ulinirekodi lini, wewe mtoto?" aliuliza Mama Povu.

"Ile siku ya mvua, ulipolala mchana. Kwa simu ya mama mdogo." Kipenga aliinamisha kichwa. "Kwa baba ni kimya mno, mama. Nikienda huko silali. Nikiufungulia huu polepole chini ya mto, nalala."

"Hiyo takataka haiingii nyumbani kwangu," alisema dereva.

"Basi na mimi siingii."

"Itaingia," alisema mwalimu, bila hata kumtazama mumewe. "Mtoto lazima alale."

Wote wakamgeukia Mama Povu. Hapana yake ilikuwa pale pale mdomoni, imeiva. Akamtazama yule mwanamume aliyemkimbia kwa sababu ya kelele, akaifikiria nyumba yake ile ya kimya, chumba cha mtoto hapa, chumba chao pale, na ukuta mmoja katikati.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Muhula mmoja. Ila mwambie mama yako mdogo akupe spika kubwa, hiyo ndogo inapoteza sauti."

"Ndogo inatosha, dada."

"Kubwa," alisema Mama Povu.

Kisha akauachia ule mkono laini, ambao muda wote huo alikuwa amesahau kwamba ameushika, akaufuta wake kwenye gauni.