Nilikimbia Matusi ya Barabarani, Sasa Wananiita Jajuok

Naomba ukurasa wenu ufiche jina langu, mseme tu ni mama mmoja wa upande wa Karungu. Nina miaka arobaini na sita na watoto watano. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hivyo mkiona makosa mnisamehe. Kazi yangu ni cherehani, nakaa kwa kiti kutoka asubuhi mpaka jioni. Mume wangu anavua samaki visiwani, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi.

Mwaka jana, tisini na tano, nyayo zilianza kuniwaka moto na kiu ikakataa kuisha. Nikaenda hospitali Homa Bay, wakapima wakasema ni sukari. Daktari mwenyewe kijana tu, kama kifungua mimba wangu. Akaniambia, "Mama, dawa peke yake haitoshi. Kila siku kimbia nusu saa, jasho litoke." Nilicheka. Nikamwambia, "Daktari, kwetu mama mzima akikimbia, watu wanauliza nani amekufa." Yeye hakucheka. Akasema, "Usipokimbia, ndio watauliza kweli."

Basi nikaanza. Nilivaa raba za mwanangu, na suruali ya mume wangu chini ya leso. Nilikuwa naenda mpaka njia panda, pale vijana wanangoja kupakia samaki kwa lori. Hao si watu wa hapa, wanakuja na lori na kuondoka na lori, simjui hata mmoja. Siku ya kwanza tu wakanianza. "Mama, pole pole, ziwa litamwagika!" Mwingine, "Muacheni, omena imeruka kutoka kwa sufuria yake, anaifuata!" Kesho yake wakachukua debe, wakawa wanalipiga kila nikikanyaga chini. Nilijikaza, nikawapungia mkono, lakini nikifika nyumbani nalia jikoni watoto wasinione.

Alikuwepo mmoja wa kofia nyekundu, yeye hakuwa anacheka na wenzake. Siku moja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hiyo suruali ni ya mzee? Alikufa lini?" Kwetu mwanamke anayevaa nguo za mume wake ni mjane, anavaa wakati wa matanga. Na siku hiyo mume wangu alikuwa majini. Nilirudi nikaivua, nikaiweka chini kabisa ya sanduku, na sikupata usingizi mpaka nilipomwona anaingia langoni na samaki wake mkononi.

Hapo ndipo nikafanya kosa. Nilijiambia nitakuwa nakimbia kabla wale vijana hawajafika, saa kumi na nusu alfajiri, giza bado liko. Mnaosoma kutoka mbali niwaeleze. Huku kwetu kuna watu tunawaita jajuok, wachawi wanaokimbia gizani, wanarusha mchanga juu ya mabati na kutikisa milango ya watu. Nimewaogopa tangu utoto. Lakini akili yangu ilikuwa kwa yale matusi tu. Haikunijia hata kidogo kwamba anayekimbia gizani sasa ni mimi.

Miezi miwili nilikimbia kwa amani, sukari ikashuka, daktari akafurahi. Halafu asubuhi moja nikasikia sauti za wanaume mbele yangu. Ni wale wale, lori lilikuwa limefika mapema. Niliona aibu, nikajipenyeza kwa ua la jirani yangu, nikachuchumaa. Tochi ikanimulika usoni. Niliwangoja wanitukane. Wangenitukana ningeshukuru. Wote walinyamaza, halafu yule wa kofia nyekundu akasema, "Ni yule wa suruali." Wakazima tochi, wakaenda.

Boma hilo ni la mama mmoja, nimwite Atieno, ana mtoto wa miezi mitatu. Hata nguo ya kwanza ya huyo mtoto niliishona mimi. Wiki hiyo hiyo mtoto akaanza kuhara na homa, sasa amelazwa Homa Bay. Wale vijana walikuwa wamesema waliponikuta, na tangu hapo wateja wanakuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, havijashonwa, na hawaniangalii machoni. Binti yangu wa miaka kumi na minne alirudi kutoka kuteka maji akiwa kimya. Nikamuuliza, nini nyathina, mtoto wangu? Akasema, "Mama, wananiuliza kama na mimi nitaanza kukimbia nikikua." Mama mkwe wangu aliniita kando akaninong'oneza kwa jina la kwetu nilikozaliwa, "Nyar Kendu, omba huyo mtoto apone. Asipopona, mimi sitaweza kuwazuia."

Jumamosi nikakuta kibiriti kipya juu ya jiwe, langoni pangu. Kibiriti tu, kimejaa njiti. Huku nyumba ya anayeitwa jajuok huchomwa.

Nilitaka kusema ukweli, kwamba ni sukari. Lakini nimekonda kwa sababu ya kukimbia, na nyinyi mnajua siku hizi mtu akikonda huku ziwani anasemwa ana ugonjwa gani. Nitatoka kwa jina moja niingie kwa lingine. Mume wangu bado hajarudi. Kukimbia nimeacha, na nyayo zimeanza tena kuwaka.

Nimemshonea yule mtoto kofia ndogo ya manjano. Iko hapa juu ya cherehani, imekwisha. Nikienda kumwona hospitalini watasema nimekuja kuangalia kazi yangu. Nisipoenda watasema najificha. Na moyo wangu, mimi kama mzazi, unataka tu kumshika yule mtoto.

Wasomaji, nyinyi hamnijui, labda ndio mtaniona vizuri kuliko watu wa hapa. Niipeleke hiyo kofia? Niseme ugonjwa wangu mbele ya watu wote? Ama nichukue watoto nirudi kwetu Kendu Bay, waseme nimetoroka? Tafadhali mnijibu haraka, maana barua hii ikiwafikia sijui mtoto atakuwa katika hali gani. Kile kibiriti bado kiko pale kwa jiwe. Naogopa hata kukitoa.