Filamu Iliyofuliwa kwa Sabuni

Nilikuwa nimefika umri ambao hakuna jambo lingeweza kunishangaza. Shule niliiacha darasa la pili, lakini mashine ya sinema niliijua msumari kwa msumari tangu nilipokuwa kijana wa kazi kwa mzungu mmoja pale Kitale, na baadaye nikanunua yangu. Toka Endebess hadi Myanga, ukiuliza sinema uliletwa kwangu. Enzi za picha bubu, mimi ndiye niliyesimama kando ya shuka nikiwasemea wote, wanaume, wanawake, hata mbwa.

Basi mkuu wa sekondari moja ya Bungoma aliponiita nifundishe historia ya sinema na namna ya kuitengeneza, sikuona ajabu. Vijana wenye Kiingereza kunishinda walisimama nikiingia: "Jambo, Mwalimu!" Neno hilo lilinilevya. Mkuu akaweka sharti moja: siku ya wazazi aone picha yetu, la sivyo masomo basi.

Tukampiga picha mama mpishi wa shule akisonga ugali. Kwanza aligoma. "Ati nionekane na masizi hivi?" Akaenda kuvaa nguo ya kanisani.

Nikaenda Kitale kununua dawa, nikiwaachia vijana filamu mkebeni. "Bado kuoshwa tu," nikasema. Kwetu mafundi, kuosha ni kutia dawa gizani mpaka picha itoke; filamu ikiona mwanga kabla, picha imekufa.

Niliporudi, filamu ilikuwa imeanikwa juani, kamba nzima, katikati ya mashati.

"Mwalimu, tumekupunguzia kazi! Tumeiosha mara mbili. Ilikuwa chafu bana!"

"Kwa nini?"

"Kwa sabuni ya mche."

Mama mpishi, mwenye karai, akanitazama. "Si ulisema ioshwe?"

Nilisema. Wiki sita niliwafundisha ya nchi za mbali, neno moja la kazi nikaliruka.

Zilibaki siku nane. Mkuu akijua, narudi kuwa mtu wa sinema wa sokoni. Sikumwambia. Nikanunua filamu na dawa upya kwa fedha yangu, mama akasonga ugali upya, akinung'unika. Tukaiosha ndani ya stoo ya mahindi, taa nyekundu, na uso wake ulipoanza kutokeza ndani ya karai, vijana wote wakaliinamia.

Siku ya wazazi mama alijicheka mpaka akakaa chini. Leo wanaume wenye ndevu bado wananiita Mwalimu kule Bungoma. Wengine jina hilo walipewa chuoni. Mimi nililinunua, shilingi sitini na tatu na senti arobaini.